Tutamwambia Nini Binti wa Katapela

Kijiwe cha Mlandege, pale Iringa mjini, kipo mbele ya saluni ya kiume ya Faraji, upande ambao jua la alasiri huwahi kufika na upepo wa Juni huchelewa. Kuna benchi la mbao, jiko la mkaa la Mzee Idrisa, birika lake la kahawa, ndoo ya kusuuzia vikombe na sinia la kashata. Siku zote watu huja pale kubishana mpaka kahawa iishe, kisha hutawanyika bila mshindi. Lakini siku ile walikuwa na kazi. Binti wa marehemu Asukile alikuwa kwenye basi, anatokea Rungwe, angefika saa tisa. Kabla hajafika ilibidi wakubaliane watamwambia nini kuhusu jina walilompa baba yake.

— Hebu rudia alivyosema kwenye simu — alisema Tadeo. Kijiweni anaitwa Profesa, kwa kuwa alikuwa tarishi wa ofisi ya elimu miaka thelathini na moja, na mpaka leo husoma hata gazeti lililofungia nyama.

— Nimeshasema mara nne, Profesa.

— Ya tano haitakuua.

Faraji alivuta pumzi. Yeye ni kinyozi na jina lake la kijiweni ni Wembe, ila si kwa sababu ya kunyoa. Ni kwa sababu ya mdomo.

— Kasema anaitwa Tusajigwe, binti wa Asukile. Kasema mzee amefariki, hii ni wiki ya tatu tangu wamzike. Anakuja kutoa vyombo kwenye kile chumba alichopanga, halafu anataka kuwasalimia marafiki wa baba yake. Namba yangu kaikuta kwenye simu ya marehemu. Imeandikwa "Rafiki Wembe".

Hapo aliigeuza simu mkononi. Kwenye simu yake yeye, namba ya Asukile imeandikwa "Katapela" basi.

— Na kuhusu jina?

— Kasema baba yake aliwaambia kwamba huku tunamwita Katapela. Atafurahi tukimweleza wenyewe lilivyokuja.

— Yametukuta — alisema Kasian, akaweka kikombe chini.

Kasian ndiye Askofu. Analima nyanya kule njia ya Tosamaganga, na ujana wake alikaa seminari muhula mmoja, akarudishwa nyumbani kwa kosa la kucheka kanisani.

Jina lilivyokuja wote walilijua. Miaka sita iliyopita Asukile, fundi wa masufuria, alihamia mtaani pale. Mtu mpole, mwembamba, koti lake la kahawia halikumtoka mwilini hata jua likiwaka. Wiki ya kwanza alikuja kijiweni na kiroba cha matunda, akakifungua mbele yao, akasema, "Karibuni makatapela." Hakuna aliyeelewa. Akachungulia mmoja, akaona parachichi. Kwao Rungwe ndivyo walivyoliita. Watu walicheka mpaka Askofu akamwaga kahawa. Asukile aliwatazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta kilichodondoka, halafu, wenzake wakiwa wameshanyamaza, naye akacheka ili awe pamoja nao.

Ndipo Faraji akasema, "Hata kucheka huyu anachelewa! Katapela kweli!"

Jina likamkaa. Baadaye likaanza kutembea. Mtu akishuka kituo siyo, katapela. Akielewa utani kesho yake, katapela. Dereva wa bodaboda akipitwa na abiria, wenzake walimpigia kelele, "Wee katapela!" Siku moja Faraji alikwenda Kihesa kununua mafuta ya mashine, akamsikia mwanamke asiyemjua akimkaripia mumewe, "Acha ukatapela, baba Jeni!" Akarudi nyumbani anatabasamu njia nzima. Alijiona mtu aliyetoa neno mjini.

Sasa lile tabasamu lilikuwa linamkaba.

— Mwambieni ukweli — alisema Mzee Idrisa, anapepea mkaa.

— Ukweli upi, Mzee Idrisa? — Faraji aligeuka. — Nimwambie, mwanangu, karibu, huku kwetu baba yako ndiye maana ya mtu aliyechelewa? Mtoto ametoka kuzika!

— Basi nyamazeni.

— Tukinyamaza ataambiwa na stendi. Akishuka tu kwenye basi atalisikia.

— Ndiyo maana tunataka historia — alisema Profesa, akapangusa miwani kwa pindo la shati. — Historia yenye heshima zake. Mtoto aondoke hapa kichwa juu.

— Haya, Profesa, tupe.

— Huwezi kueleza katapela kabla hujaeleza parachichi. Tuanze hapo. Parachichi ni maneno mawili. Para, yaani upara. Tunda lile halina nywele, liguse. Halafu chichi.

— Chichi ndiyo nini?

— Chichi bado nafanya utafiti.

— Toka hapa! — Askofu alicheka. — Nusu ya tunda unayo, nusu bado ipo shambani!

— Wewe lete yako tuione.

Askofu alikaa sawa, akashusha sauti ikawa ya kanisani.

— Katapela ni neno la mapadre. Sikilizeni. Kwa Kitaliani pera ni peasi. Hilo nalijua, nilifundishwa.

— Ndani ya muhula mmoja?

— Wiki ya pili. Sasa, padre mmoja wa zamani anakuja, analiona parachichi kwa mara ya kwanza, anadhani ni peasi. Anamwambia mpishi, kata pera! Mpishi anakata. Kesho yake, kata pera! Mpishi anakwenda kwao likizo, wanamuuliza, hili tunda wazungu wanaliitaje? Anawaambia, kata pera.

— Pera si lile la mbegu ndogondogo, la kufunga tumbo? — aliuliza Faraji.

— Hilo ni pera la Kiswahili.

— Kwa hiyo padre alikuwa anataka lipi?

— Wembe, unaniharibia misa.

— Na Asukile anaingiaje? — aliuliza Mzee Idrisa, bila kuinua macho.

Askofu alifikiri.

— Babu yake ndiye alikuwa mpishi.

— Babu yake ulimjua?

— Mzee Idrisa, tunatafuta heshima, siyo cheti cha kuzaliwa!

Faraji alijaribu kucheka, hakuweza. Alitazama saa ya simu. Saa nane na robo.

— Hiyo ya padre itamfanya baba yake mjukuu wa mtu wa jikoni — alisema Profesa. — Mimi nina kubwa zaidi. Wazee wa kule kwao walikwenda migodini, Johanesbagi, enzi za Wenela, kampuni iliyowabeba vibarua kwa ndege. Walikwenda vijana, wakarudi na redio, makoti marefu na maneno. Katapela lilikuja na watu hao. Ni neno lililopanda ndege, mabwana! Wewe Askofu umepanda ndege?

— Sijapanda.

— Katapela amepanda.

— Hiyo inakaribia — alisema Faraji. — Ila bado ni tunda. Mtoto atasema, sawa, tunda limepanda ndege, baba yangu je?

— Basi tukusanye maana zake zote za mtaani — Profesa hakukubali kushindwa. — Lazima moja itakuwa nzuri. Parachichi kwanza. Kwenu vinyozi ni nini?

— Kichwa kilichochongoka juu. Tunasema leo nimenyoa maparachichi mawili.

— Haifai. Askofu, sokoni?

— Sokoni ukimwita mtu parachichi, maana yake asubuhi mgumu, jioni ameshaoza, katikati hakuna. Na kina mama wanamwambia hivyo yule mteja wa kubonyezabonyeza kila kitu halafu anaondoka.

— Haifai. Mzee Idrisa?

— Mimi nauza kahawa.

— Kwetu ofisini — alisema Profesa taratibu — parachichi ilikuwa ni bosi ambaye ukimwona nje laini, ndani jiwe.

— Zote ni matusi! — Faraji alipiga goti lake. — Ina maana tunda zima halina neno zuri hata moja? Na watu wanalila kila siku na chumvi!

— Basi tulitunge sisi — alisema Askofu, macho yakamwaka. — Tuseme Katapela alikuwa jemadari.

— Jemadari gani?

— Wa zamani. Alikuwa anapigana na... na watu. Jeshi lake lilikula maparachichi tu, halikuchoka. Adui wakiona maganda njiani wanakimbia. Kwa hiyo mtu shujaa tunamwita Katapela.

— Na kulikuwa na maparachichi zamani hizo?

— Ndiyo yaliletwa na huyo huyo jemadari.

— Kwa ndege — Profesa alidakia. — Ile ya Wenela.

Askofu na Profesa walicheka wakapeana mikono. Faraji hakuwapa wake. Mzee Idrisa aliinua birika, akalishika mdomo kwa kitambaa, akamimina vikombe vitatu.

— Mdomo huu ulikatika mwaka juzi — alisema. — Nilikuwa nauza huku namwaga nusu chini. Asukile akaondoka nalo jioni, asubuhi akalirudisha limeungwa. Nikamuuliza kiasi gani. Akasema, nitakunywa kahawa hapa siku zote, mzee, nitapataje kahawa birika likivuja? Na kesho yake akanywa, akalipa kikombe chake kama kawaida.

Upepo ulipita na harufu ya mkaa.

— Na yale magazeti — alisema Askofu. Sauti ya kanisani ilikuwa imemtoka. — Mnakumbuka magazeti?

Walikumbuka. Kila msimu Asukile alirudi kutoka kwao na kiroba. Baada ya siku ile ya kuchekwa, hakukifungua tena mbele yao na kusema karibuni. Alikuja na matunda yameshafungwa, kila moja kwenye kipande chake cha gazeti, na juu ameandika siku kwa penseli. Jumanne. Alhamisi. Jumapili. Ukilifungua siku iliyoandikwa, unalikuta limeiva vizuri, halijawahi wala halijapitiliza. Hakukosea hata mara moja. Na hakuwapa wawili siku moja, ili kila siku pale kijiweni pawe na mmoja wa kugawia wenzake.

Faraji alikumbuka zaidi. Mke wake Lusia alipojifungua mtoto wa mwisho hakuwa anapitisha chakula. Asukile hakuuliza kitu. Alileta matunda saba kwenye ndoo, yameandikwa Jumatatu mpaka Jumapili, akamwekea mlangoni mwa saluni. Lusia alikula kila siku moja, kwa kijiko, hadi nguvu zikarudi. Faraji alipomwona Asukile wiki iliyofuata alimwambia nini? Alimwambia, "Katapela, leo umewahi, kuna nini?" Kijiwe kikacheka. Asukile akacheka baada yao.

Na ile Aprili aliposema kifua kinamsumbua, anakwenda kupumzika kwao kidogo, Faraji alimpungia mkono na mashine ya kunyolea. "Usichelewe na huko, Katapela!" Hilo ndilo neno la mwisho alilompa.

— Mimi nitamwambia ukweli — alisema Faraji ghafla. — Nitamwambia ni mimi. Nitasema mwanangu, jina nilitoa mimi, kwa ujinga, na nikalitembeza mimi.

— Halafu akilia? — aliuliza Profesa.

— Na mimi nitalia. Sasa nifanyeje?

— Wembe, usimbebeshe mtoto toba yako — Askofu alisema kwa upole. — Ametoka mbali. Tumpe ya Wenela.

— Ya jemadari hapana? — Profesa aliuliza.

— Ya jemadari kaka, hata mimi imenishinda.

Walikuwa bado hapo wakati mwanamke kijana alipokata kona ya duka la vyuma. Alikuwa na begi dogo begani na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kitenge, miguu yenye soksi nyekundu inaning'inia. Alitembea akisoma mabango ya maduka. Alipoliona bango la saluni alisimama, akaanza kutabasamu kabla hata hajawafikia.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mama — waliitikia kwa pamoja, na wale watatu wa kwenye benchi wakajikuta wamesimama.

— Mimi ndiye Tusajigwe.

— Pole sana, mwanangu — alisema Mzee Idrisa. — Pole na msiba, pole na safari.

— Asante, baba. Nimeshapoa kidogo. — Alimwangalia vizuri, halafu birika. — Wewe ndiye Mzee Idrisa. Na hilo ndilo birika.

— Ndilo lenyewe.

— Na wewe, mwenye miwani, ni baba Profesa. Baba alisema wewe unaweza kusoma gazeti la mwaka jana ukawaambia ya kesho.

Profesa alivua miwani.

— Huyu ni baba Askofu, anacheka hata hajaambiwa. Na wewe... — alimgeukia Faraji, akampa mikono yote miwili, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao — wewe ni baba Wembe. Wewe alikutaja sana kuliko wote. Alisema usipokuwepo kijiwe hakinogi.

Faraji alishika ile mikono. Ilikuwa ya baridi kutokana na safari. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yakampotea, ya toba na ya Wenela.

— Jioni kwa simu alikuwa anatuhadithia — Tusajigwe aliendelea. — Leo wamebishana hiki, leo wamebishana kile. Mama alikuwa anamuuliza, huko ugenini huna upweke? Anasema, nitakuwaje mpweke na mimi nina watu wangu? Hata alipolala kitandani alikuwa anasema akipata nafuu kwanza anakuja kunywa kahawa.

— Mwanangu — Faraji alianza. — Kuhusu lile jina la baba yako...

— Katapela! — Alicheka, kicheko chepesi. — Mtanieleza, nina hamu. Ila kwanza nionesheni. Nilimwahidi mama nitapiga picha. Baba alikuwa anakaa wapi?

Faraji aligeuka kulitazama benchi.

— Hapa kijiweni, nina maana. Sehemu yake. Alisema anakaa katikati, kwa sababu mkishaanza kugombana yeye ndiye wa kuwaamua. Ni hapa?

Profesa alimtazama Askofu. Askofu alimtazama Mzee Idrisa. Mzee Idrisa aliinama akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Faraji alijaribu kumwona Asukile amekaa. Alijaribu msimu wa mvua, msimu wa baridi, siku ya sikukuu. Kila mara alimwona pembeni ya jiko, kikombe mkononi, ameegemea nguzo ya baraza. Pale wana desturi, wala haijawahi kuandikwa mahali: mgeni husimama mpaka mmoja wa waliokaa amwambie, "Sogea hapa." Anord wa vocha alisimama siku mbili. Fundi redio alisimama wiki nzima, wakamhurumia. Kwa Asukile, kila mmoja alidhani mwenzake atasema. Wiki ikawa mwezi, halafu wakazoea kumwona wima, wakaona ndivyo anavyopenda. Miaka sita. Alilipia kahawa yake, akaitikia kila utani, akasimama, kisha jioni akapiga simu kwao Rungwe akawaambia kwamba anakaa katikati.

Mtoto mgongoni alianza kujinyonganyonga. Tusajigwe alimpigapiga taratibu, bado anasubiri, tabasamu likiwa bado lipo lakini limeanza kupoa.

— Hapa — alisema Faraji.

Aliinama, akapangusa katikati ya benchi kwa kiganja, hapo alipokuwa anakaa yeye tangu siku lile benchi lilipotengenezwa.

— Katikati hapa hapa. Kaa, mwanangu.

Tusajigwe alifungua kitenge, akamshusha mtoto, akakaa akampakata. Alilishika lile benchi kwa mkono mmoja, upande huu na upande ule, kama anayepima kitanda. Profesa alikaa kushoto kwake, akasogea kumpisha. Askofu alikaa kulia, naye akasogea. Tusajigwe alimpa Mzee Idrisa simu yake awapige picha.

— Baba Wembe, na wewe uingie! — aliita. — Mbona unasimama? Nafasi si hii hapa?

Alionesha kwa kidevu. Faraji alitazama. Watu watatu na mtoto walikuwa wamekaa, hakuna aliyebanwa, na kati ya Tusajigwe na Askofu mbao ilikuwa wazi, nafasi ya mtu mzima, hata awe mnene.

Asukile alikuwa mtu mwembamba.